Vueni Viatu, Mnaingia Kasho

Kabla mahabusu hawajaingia katika kasho yao mpya pale Kajaga, Jovithe, shefu wa zoni, mkuu wa eneo lile, aliwaamuru wavue viatu.

"Na mtu asiguse ukuta," aliongeza.

Nje ya geti, Khadidja alikumbatia sufuria ya maharagwe ya mumewe. Sulemani, fundi magari, alikamatwa kwa ugomvi wa betri. Mwezi mzima, na pumu yake, alilala ameketi katika kasho ya zamani: watu arobaini, kidirisha kimoja. Asubuhi hii polisi waliwapakia wote kwenye lori, wakawaleta huku ziwani. Kumbe zile pesa za serikali za kujenga kasho, zilizopigiwa kelele tangu mwaka jana, zilifika kweli.

"Marumaru mpaka jikoni," alisema Sijaona, jirani yake, akichungulia. "Na beseni la kuoga umelala. Mi kesho naiba kuku."

"Mwizi anaangalia ziwa, sisi tunaangalia mutaro," alisema Khadidja. "Hii serikali imelewa."

Hata mbwa waliwawekea. Jibwa liliwabwekea polisi, likambwekea mkaguzi wa wizara aliyekuja kukagua kasho, lakini lilipomwona Jovithe lilijibwaga miguuni pake, tumbo juu.

"La ulinzi," alisema Jovithe, akilisukuma kwa goti.

Mkaguzi alifungua madirisha, akapiga picha. "Hewa safi. Hongera, shefu. Wenzako pesa hizi walizila."

"Walafi hao," alisema Jovithe, akijifuta jasho.

Khadidja hakucheka. Alikuwa amemsikia dereva wa lori akiulizwa na polisi kama jioni atawahi, ili watu warudishwe walikotoka. Na pale dirishani alimwona Sulemani akivuta pumzi kama binadamu, kifua hakipigi filimbi. Alimpa Sijaona sufuria, akamwita mkaguzi pale getini.

"Patron, bwana yangu atalala hapa, ao leo wanamurudisha kule?"

"Rangi haijakauka, mama," Jovithe aliwahi kujibu. "Tutaona wiki ijayo."

Mkaguzi alipapasa ukuta, akakitazama kidole chake. "Mbona imekauka. Watalala hapa, wote. Ile ya zamani naifunga leo hii."

Akaagiza kufuli la wizara litiwe getini, ufunguo akamkabidhi kamanda wa polisi.

Wanawake walikuwa wakipitisha vyakula kwenye nondo za geti, gari jeupe liliposimama. Alishuka mama mmoja, mapazia mapya begani, funguo mkononi. Jibwa lililia kwa furaha. Mama yule alilivuta kufuli, akaligeuzageuza, akawatazama wanaume waliojaa barazani pekupeku.

"Papa Divin," alimwambia Jovithe, "nani amebadilisha kufuli ya kwetu?"