Salamu kwa Farasi

Dua ilikuwa haijapoa midomoni mwa watu pale farasi alipoingia sebuleni. Alikuwa na miguu miwili ya binadamu, fagio katikati ya mapaja, na juu yake koti la marehemu, kofia ya marehemu, na darubini ya marehemu ikimning'inia shingoni.

"Pisheni njia!" alifoka. "Mimi Duni nachelewa mbio za Turffontein, farasi hawawezi kukimbia bila mimi!"

Watu wa arobaini, waliojazana ndani ya fleti ile ya Berea mpaka kwenye korido, waliangua kicheko. Naseeb, mjukuu wa marehemu, alicheka kuliko wote, kwa sababu mtani yule alimleta yeye.

Msiba wa Mzigua bila mtani ni msiba nusu. Mtani huvaa nguo za marehemu, humwiga, humsema mbele ya wafiwa wake, na hakuna ruhusa ya kununa. Lakini Johannesburg hii, Mnyamwezi wa kuwatania Wazigua utamwokota wapi? Na Bibi Biubwa, tangu wamzike mumewe, hakuwa ametamka zaidi ya "amina". Chakula alikigusa tu. Naseeb aliapa kwamba siku ya arobaini bibi yake atacheka, la sivyo yeye si kinyozi wa Rosettenville.

Kinyozi wa Rosettenville! Mtu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, habari ya mtaa hupita kwenye kiti chake kabla haijamfikia mwenye habari. Alikitangazia kila kichwa alichokinyoa, na wiki haikwisha akatokea jamaa wa makamo kutoka Bertrams, jina lake Othmani.

"Nasikia mnatafuta Mnyamwezi."

"We Mnyamwezi kweli?"

"Kwa upande wa mama."

Upande wa baba, Naseeb hakuuliza. Alikuwa ameshamkalisha kitini, anamnyoa bure, anamkunja sikio hili na lile, ulimi ukienda mbio kuliko mashine. Akamsimulia habari zote za Babu. Alivyopenda farasi mpaka paka wa nyumbani akapewa jina la farasi. Asivyocheza kamari hata siku moja, maana alisema kutazama si kucheza. Alivyotoka kila Jumamosi na shati lililopigwa pasi na Bibi, na Bibi akimwambia mlangoni, "Haya, wasalimie." Alivyorudi magharibi hataki chakula, eti mbio zimemshibisha.

Naseeb mwenyewe aliomba kufuatana naye tangu utotoni, akajibiwa kwamba watoto hawaruhusiwi. Mwaka jana tu, akiwa baba wa watoto watatu, aliomba tena. Akaambiwa farasi wanaogopa ndevu. Eish, akaenda akazinyoa.

Othmani alisikiliza yote, akitabasamu kwenye kioo.

Na sasa mtani alikuwa kazini. Alivua viatu, akaagiza beseni la maji ya moto, akatia chumvi, akatumbukiza miguu. Kisha akaielekezea darubini televisheni iliyozimwa. "Haya mama, haya mama, twende!" Sauti ilikuwa ileile ya Mzee Duni, na mkwaruzo wake. Farasi wa kufikirika aliposhindwa, mtani akajipiga goti na kumlaumu mpanda farasi kwamba amekula ugali asubuhi.

"Ee, huyu ni mzee mwenyewe amerudia!" alisema Ruphin, fundi cherehani Mkongo wa mlango wa pili, huku akifuta machozi.

"Mtani, hapo umezidisha," Naseeb akamkosoa kama mjuzi. "Uwanjani nani atakupa beseni?"

"Nyamaza we, kinyozi! Umewahi kufika?"

Nyumba nzima ikacheka. Naseeb naye akacheka, kwani angefanya nini?

Othmani akapanda tena fagio lake, akapasua pazia, huyoo, chumbani kwa wanawake. Mayowe! Nusaiba, dada yake Naseeb, alikosa mtandio akajifunika mkeka. Naseeb akamkimbilia mtani wake, akiomba radhi njia nzima. Bibi yumo kwenye eda jamani, na huyu ndiye mwanamke aliyemlazimisha fundi wa bomba azungumze naye akiwa nje koridoni, uso ukutani.

Bibi Biubwa hakugusa hata ncha ya nguo yake nyeupe kujifunika. Alimtazama yule mtu wa fagio, kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu vilivyokuwa bado vinachuruzika maji ya chumvi. Mabega yakaanza kumcheza. Halafu akacheka, akacheka kwelikweli, mkono mmoja ameshika mbavu na mwingine amemshika jirani yake asianguke.

"Mnaona?" Naseeb akawageukia watu, kifua mbele. "Mnaona mtani niliyewaletea? Mji huu mambo yake nayajua mimi!"

"Vua hayo manguo upumue," Bibi akamwambia Othmani.

Othmani akavua darubini. Akavua koti. Akavua kofia. Na Mzee Duni akabaki palepale amesimama, na masikio yake yale mapana, ambayo Naseeb alikuwa ameyakunja kwa vidole vyake mwenyewe.

"Na mama yako," Bibi akauliza, akisogea kumpisha kwenye mkeka, "eda inamwendeaje? Zile salamu zangu za Jumamosi, mzee alikuwa anazifikisha?"