Mapigo ya Mzee Kobe

Kindi na Pimbi walisomea udaktari kwa Mwalimu Korongo. Kindi hata akila alikuwa amekikodolea kitabu macho. Pimbi kila adhuhuri alifunga chake, akaenda kuota jua mwambani.

“Utafeli, mwenzangu,” Kindi akamwonya.

“Kichwa si gunia,” Pimbi akajibu, akajinyoosha.

Siku ya mtihani wakaletewa Mzee Kobe wampime mapigo ya moyo. Kindi akambana mguu kwa dole gumba, akahesabu, akapiga ukelele. “Moyo unakwenda mbio, Mwalimu. Mzee anatutoka.”

Kobe akapiga mwayo.

Pimbi akamgusa kwa vidole viwili, akahesabu bila haraka. “Mzee ni mzima.”

“Mzima kabisa,” akasema Korongo. “Kindi, dole gumba lina mapigo yake. Moyo uliouhesabu ni wako.”

Akamwandikia dawa palepale: jua la mwambani, kutwa mara moja.