Jina la Kisima

"Na wewe mama, hapa kisimani mnapaitaje?" akauliza dada wa ramani, penseli mkononi.

Majirani wawili walishasema: Kwa Mwanahalima. Akikubali wa tatu, jina linachapwa, na likishachapwa halifutiki.

Mama aliitazama mikono yake. Tope lilikuwa limekaukia kwenye nyufa za viganja. Kila kiangazi anaingia humo yeye, anakizibua yeye. Mwanahalima, mke mkubwa, aliachika zamani, yuko zake Mkuza anauza vitenge, lakini Msimbu nzima ikishikwa na kiu inamtaja yeye. Huyu anayekizibua mpaka leo wanamwita bi mdogo tu.

Nyuma yake, panga la mumewe aliyekuwa anafyeka njia likanyamaza. Akageuka. Mzee alikuwa anatabasamu, midomo ishaanza kulitamka lile jina, taratibu, kama mtu anayemung'unya ubuyu.

"Haya mama, tuandikeje?"

"Wamekudanganya hao," bi mdogo akasema. "Hapa hapana jina. Andika kisima, basi."

Dada akafuta, akapuliza. Vumbi la ufutio likadondokea kwenye tope.

Panga halikulia tena.