Kituo Kiaminifu cha Usoke

"Mbona bado inasema kweli?" Erasmus alifoka, kana kwamba mashine imemtukana mama yake.

Skrini ilionyesha maji asilimia kumi na saba. Asali ya daraja la kwanza. Mama Veneranda, aliyeileta, alikuwa ameshapokea stakabadhi kwa mikono miwili, akashukuru, akatoka.

Najiat, fundi aliyeitwa kutoka Tabora mjini, akajikuna shingo. Programu ya mashine hiyo aliiandika yeye. Maagizo ya Erasmus, mwenye kituo cha kununulia asali, yalikuwa mepesi: kila asali ionekane ina maji mengi, inunuliwe kama daraja la pili. Ila mkaguzi akiichunguza programu, iwe malaika.

"Mkaguzi si aliondoka Jumatatu?"

"Aliondoka, bosi."

"Sasa inamwogopa nani?"

Najiat akaeleza. Mkaguzi huchomeka kompyuta yake, akaisimamisha programu hatua kwa hatua aone inachofanya. Kwa hiyo programu hujipima muda. Ikichelewa kati ya hatua na hatua, inajua inatazamwa, inasema kweli.

"Na hiki kizee chako," akaigonga kompyuta, vumbi likatoka, "kinachelewa chenyewe. Programu inadhani inakaguliwa kutwa nzima. Nunua mpya."

"Mpya?" Kuiba Erasmus alikuwa tayari, kugharamia, hapana. "Hii nilipewa bure parokiani. Itazoea."

Haikuzoea. Msimu mzima kituo kilinunua asali kwa haki, kwa uchungu mkubwa. Sifa zikafika Igalula, watu wakapanda treni na ndoo zao. Mama Veneranda, mjane, akaezeka bati nusu ya nyumba. Nusu iliyobaki ikangoja asali ya msimu ujao. Kwa shukrani akamwandikia mkaguzi barua ya kurasa mbili: mtu mwaminifu hivi asipotunzwa, atakata tamaa.

Mkaguzi akakubali. Msimu mpya ulipofunguliwa alikuja na cheti, hotuba na boksi kubwa.

Erasmus alipoona kilichomo, machozi yakamtoka.

"Jamani, mtu mnyenyekevu huyu!" watu wakasema.

Najiat akaweka programu yake kwenye kompyuta mpya. Mama Veneranda, wa kwanza kwenye foleni, akadondosha tone la asali kwenye kipimo, akaachia kigelegele kirefu kuliko vyote.

Kabla hakijaisha, jibu lilikuwa limeshatoka: maji, asilimia ishirini na tatu.