Kuku wa Mbao

"Kuku wako ana kishungi, siyo?" aliuliza binti wa karakana ya kukata mbao kwa leza, na mashine yake ilishaanza kazi.

"Anacho," alijibu Mzee Waya. "Lakini vipimo sijakupa."

"Nimekadiria, mzee wangu. Keti kidogo."

Akaketi. Vipande vya plaiwudi vilipotoka, bado vinanuka moshi, alivilinganisha na mchoro aliokuja nao mfukoni. Vililingana hadi meno ya pembeni, yale yanayoshikana bila msumari. Lo! Binti huyu ana jicho. Siku nyingine angemsifu mpaka wateja wengine wageuke. Leo alishukuru tu, akabeba mfuko wake, akaenda zake.

Hakuwa na huzuni, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe. Siku ile daktari alipowaketisha yeye na mkewe, akawaeleza kwa upole kuhusu ugonjwa wa kusahau, unaoanza na majina, kisha nyuso, mwisho hata mtu uliyeishi naye miaka arobaini, moyo wake ulikufa ganzi. Mkewe alilia pale pale. Yeye alimpa leso, akakaa kuhesabu vigae vya sakafu. Maskini mama watoto! Uambiwe habari zako mwenyewe namna ile, utaacha kulia?

Na dalili zilikuwa wazi kabisa. Juzi alimuuliza mbona leo hakuna chakula cha mchana, mkewe akamjibu, "Si tumekula pamoja, mume wangu?" na huku njaa inamuuma. Halafu kuna kile kioja cha kabati. Mkewe halifungui kabati lake la chumbani mpaka avute mapazia kwanza, azime taa, apapase gizani kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kisha alifunge kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Ukimuuliza, anasema, "Mambo ya wanawake hayo, baba watoto." Mzee Waya hakubishana. Ukishajua mtu anaumwa, unabishana naye nini?

Badala yake alikuwa anamtengenezea kitu. Alikuwa fundi wa redio maisha yake yote, na maneno yaliyomshinda kusema kwa mdomo aliyasema kwa waya. Kisanduku chenyewe hakizidi ukubwa wa mkate, na ndani yake kuna kuku wa mbao. Gizani kuku analala. Mwanga ukigusa kijicho kilichofichwa mbele, mota ndogo inainua kifuniko, kuku anachungulia na kusema. Asubuhi mkewe akifungua dirisha, hata kama ameamka hajui yuko wapi wala yuko na nani, kuku atamwambia. Hofu yake ilikuwa hiyo moja tu: siku ambayo mkewe atamtazama kama mgeni aliyekosea mlango.

Alifanya kazi katika chumba cha nyuma. Mikono ilikwenda yenyewe, waya mwekundu hapa, mweusi pale, spika chini ya tumbo la kuku. Hakukosea hata mara moja, akajisifu kimoyomoyo kwamba uzee haujafika vidoleni. Mara pasi ya kulehemu ikamchoma kidole cha shahada, juu kidogo ya kovu ambalo hakujua limetoka wapi. Hakushtuka. Alikitazama tu kile kidole kama cha mtu mwingine.

Akakohoa, akasogeza mdomo kwenye kinasa sauti. "Usiogope, mke wangu. Ukisahau, mimi nakumbuka."

Kisha akaziba kile kijicho kwa utepe mweusi, kuku asije akabwata kabla ya wakati wake.

Mkewe alipita na taulo begani, akasimama mlangoni.

"Unatengeneza nini, baba watoto?"

"Wewe usiulize. Utaona."

"Haya, siulizi." Akamshika ule mkono, akatoa mfukoni dawa ya kuungua na kumpaka taratibu.

"Sasa wewe unatembea na dawa ya moto mfukoni?" alimtania. "Unategemea kuungua?"

Mkewe akacheka, lakini macho yake yalikuwa mekundu. "Acha nikaoge," alisema.

Ikabaki kukifunga tu kisanduku kwa kitambaa kizuri, kiwe zawadi kweli. Chumba cha nyuma hakikuwa na kitambaa ila matambara ya grisi. Mzee Waya akaenda chumbani. Mapazia yalikuwa wazi, jua la mchana limejaa kitandani, na ufunguo wa kabati ulikuwa pale pale kwenye kitasa. Mkewe hajawahi kuuacha.

Basi imefika huko, aliwaza. Anasahau hata siri zake. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alihuzunika, akashika kitasa kwa muda bila kukizungusha. Bafuni maji yalikuwa yanamwagika.

Nitachukua kitambaa kimoja tu, alijiambia, wala hatajua.

Akafungua milango yote miwili. Jua likaingia hadi rafu ya chini. Kifuniko cha kisanduku kimoja kikainuka, kuku wa mbao mwenye kishungi akachungulia na kusema, kwa sauti ya Mzee Waya mwenyewe, "Usiogope, mke wangu. Ukisahau, mimi nakumbuka."

Kisha wa pili. Kisha wa tatu na wa nne kwa pamoja, kisha rafu nzima.