Uzito wa Dereva

Kabla ya kuchomelea vyuma vya kukaza bodi chini ya ile Dodge kuukuu ya Baba, nilipanga mifuko mitano ya chumvi ya kuyeyushia theluji kwenye kiti cha dereva. Gari lazima libebe uzito wa dereva wake wakati wa kuchomelea, la sivyo vyuma vitalishika likiwa limekaa upande.

Mama alimsukuma Baba kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni mwa gereji, blanketi limemfika kidevuni.

"Darrell, hilo jitu kwenye kiti changu ni nani?"

"Ni wewe huyo, Baba."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipopata pumzi akasema, "Toa mfuko mmoja."

Nikatoa.

"Toa mwingine. Usinionee haya."

Nikatoa. Springi zikalia, gari likainuka kidogo. Nikamtazama Mama, nikingoja aseme basi, inatosha. Yeye ndiye humbeba kila asubuhi kumpeleka bafuni.

"Bado, mwanangu," Mama akasema taratibu. "Toa."

Ikabaki mifuko miwili, imeegemeana. Nikashusha kinyago cha kuchomelea usoni, na mashine hata sijaiwasha.