Namba Moja kwa Wawili

Kwenye kompyuta ya mapokezi, namba 6118 ilijitokeza mara mbili.

Fundi wa kompyuta wa hospitali aliitazama kitambo, kisha akamgeuzia kioo chake mama mshonaji aliyeketi mbele yake ili naye aone. Mama wa watu hakuelewa kitu. Alichojua ni kwamba wiki tatu nzima alikuwa akiishi na karatasi iliyosema damu yake imeingiwa na ugonjwa mbaya, na kwamba jana daktari alimpima upya ili aanze dawa, damu ikaonekana safi kabisa.

Fundi alimweleza taratibu. Mgonjwa anapoandikishwa, kompyuta hutazama namba ya mwisho, huongeza moja, humpa. Zamani karani alikuwa mmoja na mambo yalikwenda sawa. Kisha yakafunguliwa mapokezi ya pili, kwenye lango la nyuma. Siku aliyokuja kupimwa, makarani wawili walibonyeza kwa sekunde moja. Kompyuta zote mbili ziliona 6117, zote mbili zikatoa 6118. Na kule maabara chupa za damu hazina majina, zina namba tu, hivyo majibu ya wawili hao yakapishana.

"Mpango huu wa kompyuta niliutengeneza mimi," alisema, macho chini. "Nilipaswa kuufanya umsubirishe mmoja mpaka mwenzake amalize. Nisamehe, mama."

Mshonaji aliuliza huyo mgonjwa mwingine aliyepewa namba yake ni nani. Fundi akajibu kwamba haruhusiwi kulitaja jina, ila wanamtafuta tangu asubuhi na bado hajapatikana.

Njiani kurudi nyumbani miguu ilikuwa myepesi, lakini nafsi ilimsuta. Kuna mtu mahali fulani anakula, anacheka, hana habari.

Hakuwa amemwambia mtu. Siku ya kupimwa alimuaga bintiye kwamba anakwenda kufuata vitambaa, binti naye akaaga anakwenda kazini. Majibu yalipotoka aliyaficha kwenye droo ya cherehani, akawa anacheka kwa meno tu. Angeanzia wapi? Binti mwenyewe, baada ya miezi miwili ya unyonge na kulala mapema, sasa alikuwa amechangamka, anafua huku anaimba, mdomoni hana jingine ila mipango ya mwakani. Nani angekuwa na moyo wa kumkatiza?

Alimkuta uani akianika nguo. Akamketisha kwenye ngazi, akautua mzigo wote: karatasi, namba, makarani wawili, damu yake iliyokuwa salama siku zote. Alicheka na kulia kwa pamoja, akaomba radhi kwa kumficha.

Binti hakucheka. Shuka lililolowa lilikuwa bado mikononi mwake, likichuruzika maji miguuni pake.

"Huyo mwingine," aliuliza, "aliandikishwa lango la nyuma?"

"Ndiyo. Maskini ya Mungu, wanamtafuta."

Binti alilikunja shuka polepole, pembe kwa pembe, bado likiwa bichi.

"Siku ile uliyokwenda kufuata vitambaa, mama," alisema, "mimi nami sikwenda kazini."